Mwaka wa Kujivua Gamba

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilikuwa ikijivua gamba. Februari, kwenye maadhimisho ya miaka 34 ya CCM mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alikitaka chama chake kijivue gamba. Aprili, Sekretarieti ya chama ikajiuzulu. Julai, mbunge wa Igunga akaachia ubunge. Kufikia hapo neno lilikuwa limetoka kwenye siasa na kuingia mtaani. Ndani ya Hiace ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, abiria aliyevua koti kwa sababu ya joto aliambiwa kajivua gamba. Aliyeachana na mchumba wake, kajivua gamba. Aliyenyoa ndevu, kajivua gamba.

Mimi nilikuwa Kidato cha Pili, na mwaka huo huo niliona gamba likivuliwa kwa macho yangu, usiku, ndani ya ndoo ya plastiki ya lita 20, nyumbani kwa baba yangu mdogo katika Wilaya ya Serengeti. Aliyelivua hakuwa nyoka. Na aliyenishikia tochi alikuwa na mkono mmoja.

Baba mdogo hakuwa mtu wa Serengeti. Alizaliwa Tarime, kwenye vilima vya kahawa na migomba, ambako ardhi ina rutuba na watu wamebanana. Nilipokuwa darasa la pili, koo mbili za Wakurya zilipigana karibu na kwetu. Sitazitaja, kwa sababu watoto wa koo zote mbili wanasoma maandishi kama haya, na kila upande una hesabu yake ya nani alianza. Panga lilichukua mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alipopona alimchukua mke wake na watoto, akavuka Mto Mara, akaanza upya kwenye ardhi ya mihogo na mtama. Wakurya wengi walikuwa wamevuka mto huo kabla yake, wakitafuta mashamba na malisho. Yeye alivuka ili asiulizwe kila siku ni lini atalipiza.

Kuna namna ya kusimulia vita vya Tarime kana kwamba viko kwenye damu yetu. Nimeisikia Dar es Salaam mara nyingi, kwa kawaida kama utani: wewe Mkurya, weka panga chini. Lakini mambo yale yana historia, na historia ina tarehe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliochorwa Ulaya, ukatoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro na kuwapasua Wakurya vipande viwili. Tangu hapo ng'ombe aliyeibwa upande mmoja akivushwa upande wa pili anakuwa ameingia kwenye sheria nyingine. Mpaka ukawa soko. Kisha ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini, na baada ya vita bunduki zikaanza kuonekana kwenye wizi wa mifugo uliozoea mishale na mikuki. Sungusungu wakaundwa kuwazuia wezi. Mahari ya ng'ombe wengi, ardhi inayopungua, mpaka, bunduki: vyote hivi vilikuwepo kabla baba mdogo hajainua mkono kujikinga.

Mnyama niliyemwona tulimkuta Desemba 2010, nilipokwenda kwake likizo. Kihenge chake kilisimama juu ya mawe, na kati ya mawe kulikuwa na nyufa zenye giza na unyevu. Tulikuwa tunatafuta panya. Nilipomulika ndani nikaona kitu bapa kama kaa, cheusi chenye madoa, kimejibana ukutani. Miguu ilikuwa mirefu kupita kiasi. Mbele kulikuwa na mikono miwili yenye miiba, imekunjwa kama ya mtu anayesali, na mbele zaidi mijeledi miwili myembamba iliyokuwa ikipapasa jiwe taratibu, mmoja kushoto na mmoja kulia. Mgongoni alibeba watoto. Walikuwa weupe, wamerundikana, siwezi kusema wangapi.

Hatukuwa na jina lake la pekee. Shangazi alimwita nge, watoto walimwita buibui. Nge anao mkia wenye mwiba, huyu hakuwa nao. Buibui husuka utando, huyu hakusuka kitu. Baadaye nilijifunza kwamba ni kundi lake peke yake ndani ya ukoo mkubwa wa nge na buibui. Wataalamu huliita Amblypygi, jina alilolitoa Tamerlan Thorell wa Sweden mwaka 1883 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya tako butu. Mimi humwita nge-mjeledi. Wako binamu zake wenye mkia mwembamba kama ufito, lakini hao hawapo kwetu. Barani Afrika wanajulikana upande wa magharibi tu. Wa kwetu hana mkia, hana mwiba, hana sumu. Ana miguu minane kama jamaa zake, ila hutembea kwa sita. Ile miwili ya mbele imegeuka kuwa mijeledi ambayo haikanyagi chini. Kwayo hugusa, hunusa na huijua njia.

"Mwache," baba mdogo alisema. "Anakula mende."

Likizo ya Juni 2011 nilirudi. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, na jiwe moja la msingi wa kihenge lilikuwa limelegea. Baba mdogo alilisukuma kwa mkono wake wa kushoto, akiliegemeza kwa bega na kigutu, kama alivyozoea kufanya kazi zote. Jiwe likamponyoka, likarudi mahali pake kwa kishindo. Tulipolisogeza tena, nge-mjeledi alitoka mbio ubavuubavu kama kaa. Mjeledi wake wa kushoto ulibaki chini ya jiwe, ukiwa bado unajikunjakunja.

Baba mdogo alichuchumaa akautazama mpaka ukatulia.

"Nimemkata," alisema.

Nilimwambia ni mdudu tu. Hakunijibu. Alikwenda ndani akatoka na ndoo ambayo shangazi alikuwa akiitafuta wiki nzima kwa ajili ya unga. Tulimsukuma mnyama ndani kwa kipande cha gome, tukaweka udongo wenye majimaji chini na gome kubwa lililosimama wima, tukafunika kwa chandarua cha zamani. Nilijua alikuwa yule yule wa Desemba, au nilitaka awe yeye. Ukubwa ulikuwa ule ule, na ufa ulikuwa ule ule. Kigutu chake kilikuwa kimekatika safi kwenye kiungo. Sikujua wakati ule kwamba wanyama hawa wana kiungo maalumu mguuni ambapo mguu huachia ukibanwa. Mwenye mguu huuacha, akaondoka na uhai.

"Utaota tena?" baba mdogo aliniuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma baiolojia.

Nikamjibu kwa uhakika wa Kidato cha Pili. Darasani tulikuwa tumefundishwa wanyama wenye gamba la nje. Gamba halikui, kwa hiyo mnyama akikua hulivua na kuvaa jipya. Akipoteza mguu, mguu mpya hujengwa ndani na kutokea siku ya kujivua. Ila mwalimu alitupa mfano wa panzi: akishakuwa mpevu, akiota mabawa, hajivui tena. Amefika. Huyu wetu alikuwa amezaa. Alikuwa mtu mzima. Kwa hiyo, nikasema, mguu hauoti.

"Akizaa basi," baba mdogo alisema.

"Ndiyo, baba. Akizaa basi."

Nilirudi shuleni. Yeye akaendelea kumlisha. Shangazi aliniambia baadaye kwamba kila jioni alikuwa akizunguka nyuma ya jiko na kopo la Blue Band, akiwanasa mende na nyenje kwa mkono mmoja, jambo ambalo si rahisi, jaribu uone. Alimnyunyizia maji kwa mdomo, kama fundi cherehani anavyolowanisha nguo kabla ya kuipiga pasi. Majirani walidhani ni dawa. Wengine walidhani anamfuga ili amtume kwa wale waliomkata. Jambo hilo lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu lilimfuata hadi ng'ambo ya mto.

Desemba nilipofika alinipeleka kwenye ndoo kabla sijanywa hata maji. Mnyama alikuwa hajala kwa wiki kadhaa. Mende walikuwa wakipita juu ya miguu yake naye hajali. Baba mdogo alidhani anakufa, nami nikakubali.

Usiku wa tatu aliniamsha. Alishika tochi, nikafunua chandarua. Nge-mjeledi alikuwa ananing'inia kwenye gome, kichwa chini, miguu ameitawanya. Gamba la mgongo lilikuwa limefunguka kwa mbele kama kifuniko, na kutoka ndani yake kilikuwa kinashuka kitu kingine, cheupe chenye ukijani kwa mbali, laini kama ugali usioiva. Alitoka polepole mno. Anavuta, anapumzika, anavuta. Kila mguu ulitoka ndani ya mguu. Kila mwiba ulitoka ndani ya mwiba. Hata mjeledi mzima wa kulia, mwembamba kama uzi, ilibidi uchomolewe kutoka kwenye ala yake bila kukatika.

Kisha, kutoka kwenye kigutu, ukatoka mjeledi wa kushoto. Ulikuwa mfupi, mwembamba kuliko mwenzake. Lakini ulikuwa mjeledi.

Tochi ilitikisika. Nilidhani betri inakwisha.

Nilichokosea, nilikuja kukielewa chuo kikuu. Panzi ni panzi. Wadudu karibu wote huacha kujivua wakipevuka, na nge vilevile, na buibui wengi, na hata wale binamu wenye mkia wa ufito. Nge-mjeledi wa kwetu haachi. Huendelea kujivua maisha yake yote, hata baada ya kuzaa. Kwa hiyo kwake hakuna umri ambao kilichopotea kimepotea moja kwa moja, mradi apate nafasi ya kujivua tena. Aliyetumia miaka mingi kuwafuga na kuwachunguza wanyama hawa ni Peter Weygoldt wa Freiburg, Ujerumani, na kitabu chake kikubwa juu yao kilitoka mwaka 2000. Mengine yameonwa na watu wa kawaida huko Ulaya na Marekani wanaowafuga kwenye masanduku ya kioo sebuleni, kwa uvumilivu kama wa baba mdogo na kwa vifaa bora kuliko ndoo.

Wote wanakubaliana juu ya gharama. Mnyama anayejivua anahitaji mahali pa kuning'inia penye urefu wa kutosha na unyevu. Gome likiteleza akaanguka, anakufa au anabaki amepinda, kwa sababu mwili wake wakati huo hauna mfupa wala gamba. Hawezi kukimbia wala kujikinga. Mende ambaye jana alikuwa chakula leo anaweza kumtafuna. Ugumu na weusi humrudia siku zinavyopita. Na mjeledi ulioota upya si ule wa zamani. Mara nyingi vipingili vyake havilingani kwa idadi na vya asili, kwa hiyo mtafiti akivihesabu anaweza kujua kwamba hapa palikatika.

Nilisoma pia juu ya jaribio lililofanywa Costa Rica kwa jamaa zao wa huko. Watafiti waliwachukua kutoka kwenye mashimo yao na kuwaachia mbali, usiku, msituni. Wengi walirudi. Wale waliopakwa rangi ya kucha kwenye ncha za mijeledi walishindwa kuiona njia. Na katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cornell, mama wa Damon diadema, aina inayojulikana zaidi Afrika Mashariki, alionekana akikaa katikati ya watoto wake wakubwa na kuwapapasa kwa mijeledi, mmoja baada ya mwingine. Niliposoma hayo nilikumbuka lile jiwe. Kilichobaki chini yake hakikuwa mguu wa kutembelea. Kilikuwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani na nusu ya kuwagusa watoto.

Damon diadema alipewa jina hilo na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1876, na huo haukuwa mwisho wa safari yake Ulaya. Kundi lake ni la kale mno; mabaki yake ya mawe yamepatikana kwenye makaa ya mawe ya Uingereza, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Lakini wazungu wengi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2005, kwenye filamu ya nne ya Harry Potter, pale mwalimu anapomtesa mbele ya darasa kwa uchawi na kisha kumuua. Niliitazama Dar es Salaam, kwenye kompyuta ya rafiki. Watu chumbani walipiga kelele za kinyaa. Mimi nilikuwa naangalia kama mijeledi yote miwili ipo.

Wengi waliouzwa nje walitoka kwetu, wakakamatwa porini na kusafirishwa hai pamoja na vinyonga, kobe na ndege. Biashara hiyo ilikuwa halali, na kwa muda mrefu haikupigiwa kelele. Kelele zilianza Novemba 2010, mwezi mmoja kabla sijamulika kwenye ule ufa, wakati wanyama zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga, walipopakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar pale Uwanja wa Kilimanjaro. Machi 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara wamefunguliwa tena mlango kwa muda, na baada ya siku chache tangazo hilo likasitishwa. Mijadala yote hiyo ilikuwa juu ya twiga. Sijawahi kusikia mtu akimtaja nge-mjeledi. Huenda hiyo ni bahati yake.

Kile chama, kwa upande wake, kilifanya mkutano baada ya mkutano. Kujivua gamba kulimaanisha baadhi ya watu waondoke, na wachache waliondoka. Sina ugomvi na msemo huo. Ni msemo mzuri. Ila nimeona gamba likivuliwa, na ninajua kwamba mnyama hachagui kipande. Hawezi kuvua upande uliochafuka akabaki na uliobaki safi. Hutoka chote, hadi utando wa tumboni na ala ya kila mwiba, na kwa saa kadhaa hana kitu cha kujifichia. Ndiyo maana hufanya usiku.

Januari 2012, siku moja kabla sijarudi shuleni, tulimrudisha kwenye mawe. Alikuwa ameshakuwa mweusi. Alisimama kwenye mdomo wa ufa, akatanguliza mjeledi wa kulia, kisha ule mfupi wa kushoto, ambao haukufika jiwe la pili. Akageuka kidogo ili ufike. Akaingia.

Baba mdogo alibaki na gamba tupu. Lilikuwa zima, na kigutu kikiwa mahali pake. Aliliweka kwenye lile kopo la Blue Band, juu ya kabati, na mtu asiyejua angedhani kuna mnyama ndani.

"Ulisema akizaa basi," aliniambia.

"Nilikosea, baba."

"Sawa, mura."

Mwaka uliofuata bibi yetu alifariki Tarime. Baba mdogo hakuwa amelala kule tangu alipovuka mto. Kina baba walikaa wakajadili kama aje au atume mwakilishi, maana kwenye msiba watu wa koo zote huja, na mtu mmoja angekuja kwa hakika. Alikuwa amemwoa binti wa jirani yetu. Wengine walisema akija itabidi jambo fulani litokee. Baba mdogo alikuja na basi la asubuhi, amevaa shati la mikono mifupi. Siku zote alivaa ya mikono mirefu.

Kwetu, kama mkono wako una matope au maji, humnyimi mtu salamu. Unakunja vidole na kumpa kifundo, naye anakishika. Baba mdogo husalimia watu namna hiyo: anatoa kigutu, kana kwamba ametoka kunawa. Watoto huogopa. Wakubwa wengine hushika hewani karibu na kiwiko.

Yule mtu alikuja baada ya maziko, wakati watu wanagawiwa chakula. Nilimwona baba yangu akiweka sahani chini. Yule mtu alisimama hatua mbili mbele ya baba mdogo na kutoa pole ya msiba. Baba mdogo akanyoosha mkono wa kulia, uliokuwa mweupe kidogo pale mwishoni, ngozi laini isiyoota nywele. Yule mtu aliutazama. Halafu akaushika wote kwa mikono yake miwili, pale pale ulipokatika.

Waliongea kuhusu mvua. Vuli ilikuwa imechelewa pande zote mbili za mto. Baba mdogo alisema mihogo itavumilia, mahindi hayana uhakika. Kesho yake alipanda basi la kurudi Serengeti, kwa sababu huko ndiko liliko shamba lake sasa.